Adabu, Kicheko na Hoja

Adabu ni miongoni mwa maneno ya mwanzo anayoyasikia mtoto wa Unguja. Hulisikia kabla hajajua kuhesabu, na aghalabu hulisikia akiwa amekosa: hakuamkia, amepokea kitu kwa mkono wa kushoto, ameingilia mazungumzo ya wakubwa. Mimi nililelewa na bibi yangu mzaa mama, na katika nyumba yake adabu ilianzia kwenye namna ya kuitika. Kaka yangu akiitwa alijibu "naam". Mimi nikiitwa nilijibu "labeka". Hakuna aliyetueleza sababu, na sisi hatukuuliza. Baadaye, nilipojifunza Kiarabu kidogo, ndipo nilipofahamu kwamba naam ni "ndiyo" basi, na labeka ni "nimeitika, nipo tayari kukutumikia". Mvulana anathibitisha kwamba amesikia. Msichana anathibitisha kwamba amesikia na kwamba yuko tayari kutumwa.

Silisemi hili kwa kulalamika. Labeka ni neno tukufu. Mahujaji, wanaume kwa wanawake, hulitamka wakielekea Makka huku machozi yanawatoka. Nalisema kwa sababu nataka kuzungumza juu ya adabu ya darasani na adabu ya siasa, na sioni vipi tutaizungumza bila ya kukubali kwanza kwamba neno hili moja limebeba mizigo miwili. Ipo adabu ya kumpa mtu haki yake, na ipo adabu ya kumweka mtu mahali pake. Watu wema kabisa huzichanganya hizo mbili maisha yao yote, na mara nyingi hawajui kuwa wanazichanganya.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Ni mtu mzima, mama wa watoto watatu, niliyefundisha skuli ya sekondari huko shamba kwa miaka tisa kabla ya kurudi kukaa upande wa pili wa meza. Chuo sitakitaja, maana ninayotaka kuyasimulia si aibu ya chuo kimoja. Darasa letu hukutana jioni baada ya watu kutoka kazini, na tuko 18: walimu, makarani wa wizara, askari mmoja, watu wawili wa bima. Somo ni siasa za Afrika ya Mashariki. Ni darasa zuri. Watu wanakuja wamesoma, wanaleta kahawa ndani ya chupa, na mabishano huendelea njiani mpaka Darajani kwenye gari za mwisho.

Jioni moja ilikuwa zamu ya mwenzetu mmoja, mwalimu kama mimi, kuwasilisha mada juu ya viti maalum vya wanawake. Alikuwa amejitayarisha. Alieleza kwamba Katiba ya Muungano imeviwekea viti hivyo kiwango cha asilimia 30, na kwamba kwa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar kiwango ni asilimia 40. Kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwahi kulisikia likiulizwa vizuri namna ile: je, viti hivi ni ngazi au ni chumba? Kama ni ngazi, basi walioingia kwa njia hiyo tuwaone wakipanda, wakienda kugombea majimbo na kushinda. Kama ni chumba, basi wanawake wamejengewa chumba kizuri cha uani, na sebule imebaki kwa wenyewe. Alianza na mfano ambao kila mtu wa kisiwa hiki anaujua. Samia Suluhu Hassan, mtu wa Kusini Unguja, aliingia Baraza la Wawakilishi kwa kiti maalum mwaka 2000. Mwaka 2010 akagombea jimbo la Makunduchi akaingia Bungeni. Mwaka 2015 akawa Makamu wa Rais, na mwaka 2021 Rais. Mwenzetu alitaka kujua kama huo ni mlango uliofunguka, au ni bahati ya mtu mmoja.

Hapo ndipo bwana mmoja aliyekaa nyuma, mtu wa maskhara na anayependwa na wote, alipouliza: "Na mumeo anajua kama unautaka ubunge?"

Darasa likaangua kicheko. Mwenzetu naye alicheka, maana mwanamke asiyecheka pahala pale huambiwa ana hasira, na mwanamke mwenye hasira hasikilizwi tena. Mwalimu wetu, mtu mpole na mwenye elimu, alinyanyua mkono akasema, "Jamani, tuheshimiane," kisha akampa nafasi mtu mwingine, aliyezungumza juu ya jambo jingine. Saa ikaisha. Swali la ngazi na chumba halikuguswa.

Nililifikiri neno lile "tuheshimiane" kwa siku kadhaa. Lilikuwa limesemwa kwa nia njema. Lakini lilisemwa kwetu sote, kana kwamba kosa lilikuwa letu sote, aliyetania na aliyetaniwa. Na lilimaliza mambo. Darasa lilipotulia, ilionekana kuwa adabu imerudi. Kumbe kilichorudi kilikuwa kimya. Mzaha wenyewe haukunishughulisha sana. Sisi watu wa visiwani tunaishi kwa utani, na asiyejua kutaniwa hapa hakai. Kilichonishughulisha ni kwamba mtu alileta hoja akapewa kicheko, na sote tukatoka pale tukidhani kwamba mjadala umefanyika.

Ukiliangalia Bunge utaona jambo hilo hilo, ila kwa vazi rasmi. Mei 2016, Dodoma, mbunge mmoja wa chama tawala alisema kwamba wanawake wa upinzani hupata viti maalum kwa kuwa vipenzi vya wakubwa wa chama chao. Wenyewe waliomba mwongozo wa kiti, hawakuridhika, wakatoka nje. Aliyekuwa kwenye kiti alikuwa mwanamke. Juni 1, 2021, katikati ya msimu wa bajeti, mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alitolewa ukumbini na Spika Job Ndugai baada ya mbunge mwenzake wa kiume kuilalamikia suruali yake. Kwa majirani zetu, Agosti 2019, Zuleikha Hassan, mwakilishi wa wanawake wa Kwale, aliamriwa kutoka katika Bunge la Kenya kwa kuwa alikuja na mtoto wake mchanga. Alisema hakuwa na wa kumwachia, na nyumba ile haikuwa na chumba cha watoto. Msomaji aangalie kwamba katika visa viwili vya mwisho hakuna aliyetukanwa. Kila kitu kilifanywa kwa kanuni na kwa heshima, kwa "Mheshimiwa Spika" na "Mheshimiwa Mbunge". Ndiyo maana nasema kwamba maneno ya upole hayatoshi kuwa kipimo. Mtu anaweza kutolewa nje kwa adabu kamili.

Kisa kilicho wazi kuliko vyote ni cha Wangari Maathai. Mwaka 1989 serikali ya Kenya ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru, Nairobi. Maathai alikuwa mwanamke wa mwanzo wa Afrika ya Mashariki na ya Kati kupata shahada ya udaktari wa falsafa, mwaka 1971. Aliandika barua akiuliza maswali ya kawaida ya raia: kwa nini bustani ya watu ichukuliwe, na deni la ujenzi atalilipa nani. Bungeni hawakujibu habari ya bustani wala ya deni. Walisema kwamba yeye na wenzake wa Ukanda wa Kijani ni kundi la wanawake walioachwa. Rais Moi naye alisema kwamba mwanamke kamili kwa mila za Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Maathai kweli alikuwa ameachika, na mtu anaweza kuuliza: talaka ya mwanamke ina uhusiano gani na uzito wa saruji na deni la benki? Hauna. Na ndiyo kazi yake. Tusi la namna hii halikusudiwi kuwa jibu. Linakusudiwa kuchukua nafasi ya jibu, watu washughulike nalo mpaka wasahau kilichoulizwa. Maathai aliwaambia kwamba mjadala ule ulihitaji viungo vilivyo juu ya shingo. Wafadhili wakajitoa, jumba halikujengwa, na bustani ipo.

Nilipolisoma jibu lile nilimkumbuka mwanamke wa kwetu aliyetangulia zamani. Siti binti Saad alitoka Fumba, mtoto wa watu masikini, mfinyanzi, akaja mjini na kuimba taarab wakati taarab ilikuwa ya watu wa majumba. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurikodi santuri, na sauti yake ikafika kila bandari ya pwani hii. Waliomwonea choyo walimtungia wimbo wa kumkumbusha nguo aliyojia mjini. Shaaban Robert ameyaeleza katika wasifu alioandika juu yake. Wimbo wa Siti wa kuwajibu haukuwarudishia habari ya nguo zao wala nyuso zao. Aliwaambia, kwa maana, kwamba uzuri na nasaba si hoja. Hasara ya mtu ni kukosa akili. Mmoja hakusoma skuli hata siku moja, mwingine alikuwa daktari wa falsafa. Mmoja alikuwa Unguja, mwingine Nairobi, na baina yao kumepita nusu karne na zaidi. Wote wawili waliurudisha mjadala kichwani, pale ulipotakiwa kuwa tangu mwanzo.

Wapo watakaoniambia kwamba nataka kuleta siasa za watoto wa chekechea, kila mtu aseme kwa sauti laini na asiudhike yeyote. Sivyo kabisa. Mimi ni mtu wa Kusini. Nimekulia karibu na Makunduchi, ambako kila mwaka mwezi wa Julai, katika Mwaka Kogwa, wanaume hutandikana kwa migomba mpaka wachoke, na wanawake waliovaa vizuri hupita wakiimba nyimbo ambazo siku nyingine zingefunikwa. Wazee wanasema ni kutoa kinyongo cha mwaka uliopita. Tena sisi ndio wenye mafumbo, vijembe na kanga zinazosema. Mwanamke wa hapa anaweza kumnyoosha jirani yake kwa nguo aliyoivaa, bila ya kufungua mdomo. Maneno makali tunayajua, na yana mahali pake na siku yake. Bondeni Makunduchi hakuna anayedai kwamba kipigo cha mgomba kimeuthibitisha ukweli wowote. Bungeni na darasani ndiko tunakodai kwamba tunatafuta ukweli.

Kwa mwanamke mahali ni jambo zito. Ukipita Mji Mkongwe utaona mabaraza ya mawe mbele ya nyumba, na siasa ya mji huu ilizungumzwa juu ya mabaraza hayo kwa vizazi. Wanaume walikaa. Wanawake walipita, na kwa adabu walipita upesi. Hii haina maana kwamba hawakuwamo. Sayyida Salme binti Said, aliyejifunza kuandika kwa siri kwa kunakili herufi za Qur'ani, alikuwa na umri wa kama miaka 15 wakati ndugu yake Barghash alipokula njama dhidi ya Majid mwaka 1859, na ni yeye aliyewaandikia wala njama barua zao. Kalamu yake ilikuwamo katikati ya siasa, mwenyewe yumo ndani. Miaka mia moja baadaye wanawake wa Zanzibar walikuwa bado wanadai kura. Uchaguzi wa 1957 ulipita bila yao, na mara ya mwanzo walipanga foleni kupiga kura Januari 1961. Bibi yangu alikuwamo katika foleni mojawapo. Alichokumbuka zaidi ni jua.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ni gumu, na ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike.

Waangalieni marais wetu wa Muungano na majina waliyopewa mitaani. Nyerere alikuwa Mwalimu, kwa kazi yake. Mwinyi, mtu wa huku kwetu, alikuwa Mzee Ruksa, kwa kuwa alifungua milango ya biashara. Lilikuwa jina la mapenzi na la kejeli kwa pamoja, lakini lilihusu alichokifanya. Ukata wa zama za Mkapa watu waliuita ukapa. Magufuli alikuwa Tingatinga. Kila jina ni hukumu juu ya utawala. Alipoapishwa Samia, Machi 19, 2021, akawa Mama. Alikuwa hajafanya lolote bado. Siku chache baadaye, katika kumuaga mtangulizi wake mjini Dodoma, ilimbidi awaambie wenye shaka kwamba aliyesimama mbele yao ni Rais, mwenye maumbile ya mwanamke. Sijui rais mwingine wa nchi hii aliyelazimika kutaja maumbile yake.

Najua kwamba Mama ni heshima. Mimi mwenyewe naitwa mama fulani na sijaudhika. Lakini mama haulizwi hesabu. Mtoto mwenye adabu hamuulizi mama yake fedha zimekwenda wapi, wala nani alitoa amri. Na siku watu wanapomkasirikia aliyeitwa Mama, ulimi unajua njia ya kupita, kwa sababu matusi mazito kabisa ya Kiswahili, kila mmoja wetu anayajua, ni ya mama. Jina lile lile linalomkinga ndilo linalomvua nguo. Wala mwanamke kuwa juu hakuondoi mtindo huu peke yake: Agosti 2021, mbele ya wanamichezo, Rais mwenyewe alizungumza juu ya vifua vya wachezaji mpira wa kike na namna vinavyowaponza katika ndoa, na wanawake wengi, mimi mmoja wao, tulisikitika.

Kisha ikaja Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu. Tundu Lissu, kiongozi wa chama kikuu cha upinzani, alikuwa ameshitakiwa kwa uhaini tangu Aprili, na chama chake hakikuwamo katika uchaguzi. Maandamano yalizuka Dar es Salaam na miji mingine ya Bara. Intaneti ikakatwa, amri ya kutotoka nje ikatangazwa, na watu waliuawa. Idadi yao imekuwa ikibishaniwa tangu siku ile. Tume ikatangaza ushindi wa karibu asilimia 98, na Rais akaapishwa mwanzoni mwa Novemba. Huku Unguja palikuwa kimya, lakini kila nyumba ina mtu Bara. Mimi nina mdogo wangu Temeke. Siku tano sikujua kama yu hai.

Darasa letu lilipokutana tena, kijana mmoja wa miaka ishirini na kitu, mdogo kuliko sote, alinyanyua mkono. Aliuliza swali moja, kwa sauti ya chini: katika nchi yetu, kwa sheria zetu, nani mwenye mamlaka ya kuamuru risasi za moto zitumike dhidi ya raia, na anawajibika kwa nani? Hakutaja jina la mtu. Kabla mwalimu hajafungua mdomo, dada mmoja aliyekaa mbele alimgeukia akamwambia, "Mnamwandama kwa sababu ni mwanamke. Na ni Mzanzibari. Angekuwa mwanamme msingesema." Kijana alinyamaza. Mwalimu akasema, "Tuheshimiane."

Msomaji atanielewa nikisema kwamba yule dada hakuwa mjinga, wala hakuwa anasema uongo mtupu. Siku zile simu zetu zilijaa matusi juu ya Rais ambayo siwezi kuyaandika hapa, na karibu yote yalihusu mwili wake, ndoa yake, na kauli kwamba haya ndiyo matokeo ya kumpa mwanamke nchi. Yeye aliyasoma, yakamuuma, kama yalivyoniuma mimi. Lakini kijana yule hakuyasema. Kijana yule aliuliza juu ya amri, na akajibiwa kwa jinsia, kama vile mwenzetu wa viti maalum alivyouliza juu ya ngazi akajibiwa kwa mume. Vicheko viwili tofauti, kwa maana ya kwamba kimoja kilikuwa kilio. Kazi yao ni moja.

Nasema kwamba wanaomtukana Rais kwa uanamke wake wanamwondolea swali. Januari 2001 polisi walifyatua risasi, watu wakauawa Pemba na hapa Unguja. Rais wa Muungano alikuwa mwanamme, na wa Zanzibar mwanamme. Sikumsikia mtu hata mmoja, barazani wala msikitini, aliyesema kwamba haya ndiyo matokeo ya kumpa mwanamme nchi. Watu waliuliza juu ya amri, juu ya polisi, juu ya uchaguzi wa 2000. Waliuliza maswali yanayostahili kuulizwa pale damu inapomwagika. Kwa nini safari hii wengi wetu tumepoteza pumzi kwa sketi na mtandio? Tusi linamfurahisha anayelitoa, linampa mwenye mamlaka sababu ya kujiona ameonewa, na waliokufa hawapati chochote. Na wale wanaopokea kila swali kwa kusema "ni kwa sababu ni mwanamke" wanalitumia dhuluma la kweli, walilofanyiwa Maathai na Siti na mwenzetu wa viti maalum, kuwa pazia. Mimi kama mwanamke naliona jambo hili la pili kuwa limenichukulia kitu changu bila ya ruhusa.

Ni wepesi kusema haya, lakini darasa lifanye nini? Nilijaribu kutafuta katika vitabu vya wenye darasa za zamani. Wanavyuoni wa Kiislamu walikuwa na elimu nzima ya adabu za munadhara. Shamsuddin Samarqandi aliiandikia risala tangu mwishoni mwa karne ya 13. Ndani yake muulizaji ana kazi yake na mjibu ana kazi yake, na huruhusiwi kulipinga neno ambalo hujalifahamu. Vitabu vya elimu hiyo vinakataza, pamoja na mengine, kupandisha sauti na kucheka. Niliposoma hilo la kucheka nilikiweka kitabu chini. Walikuwa wamekaa kwenye majamvi karne nyingi kabla yetu na wakajua kwamba kicheko ni njia ya kukimbia.

Halafu kuna kile kisa kinachosimuliwa cha Sayyidna Umar, aliyepanda juu ya mimbari akitaka kuweka kikomo cha mahari, na mwanamke akasimama msikitini akampinga kwa aya ya Qur'ani. Wapo wanaoitilia shaka sanadi yake, na mimi si mtu wa hadithi. Lakini masheikh wetu wamekisimulia vizazi na vizazi, na wamekisimulia kwa fahari. Umar, kwa simulizi hiyo, hakumuuliza mumewe yuko wapi. Hakumwambia atulize sauti. Alisema kwamba mwanamke amesibu na Umar amekosea. Ningependa msomaji aangalie pia kwamba yule mwanamke hakumsema Umar kwa umbo lake wala ukoo wake. Alimsomea aya.

Watatu kati yetu tulimwendea mwalimu tukamwomba ajaribu kanuni moja: asijibu mtu mpaka kwanza aseme alichokisema mwenzake, na mwenzake akubali kwa kusema "ndivyo". Alikubali, ingawa hakuonekana kuiamini sana. Yule askari alilalamika kwamba tutamaliza somo mwakani. Kweli mambo yalikwenda polepole, na mara nyingine yalichekesha, maana ni ajabu kumsikia mtu mzima mwenye shahada akishindwa mara mbili kurudia sentensi ya mwanamke aliyekaa hatua tatu mbele yake. Bwana wa maskhara alishindwa mara tatu. Mara ya nne alipata, akakaa kidogo, akasema kwamba jibu lake halijui.

Kijana naye alilileta swali lake upya, likiwa limeandikwa. Ilikuwa zamu ya yule dada wa mbele kulirudia. Alilirudia vizuri, neno kwa neno, mamlaka ya nani na uwajibikaji kwa nani, na kijana akasema "ndivyo". Kisha dada akasema kwamba yeye ana shemeji yake Mwanza ambaye tangu siku ile hajaonekana, na kwamba hakupenda kulisema hilo mbele za watu. Hakuna aliyejua la kumwambia. Mwalimu alitoa Katiba kwenye mkoba, tukaanza kusoma ibara zinazohusu vyombo vya ulinzi, moja baada ya moja, mpaka ikaadhiniwa Isha.

Tumefika nusu. Mwenzetu naye ameomba mada yake ya viti maalum ipangwe tena mwanzoni mwa muhula ujao, na safari hii ameomba saa nzima.